Kifusi cha majengo Mwanza: nani hasa anatakiwa kukiondoa, na kwa nini hakisagwi?

Mwana_Igogo · #1
Wakuu salaam. Mji unabomolewa na kujengwa upya kila kona, kuanzia katikati ya jiji mpaka Buzuruga na Nyegezi. Kifusi kinapakiwa kwenye tipa jioni, asubuhi unakikuta kwenye makorongo yanayoshuka Mto Mirongo au juu ya matete pembeni mwa ziwa. Dampo la Buhongwa lipo, lakini ni tipa chache za kifusi zinazofika huko. Kisheria huu mzigo ni wa nani: mwenye jengo, mkandarasi, halmashauri au NEMC (baraza la taifa la mazingira)? Na zege lililobomolewa likisagwa linaweza kurudi kwenye ujenzi, au ni maneno ya semina tu? Wenye utaalamu naomba mshuke na namba.

Mpima_Kazi · #2
Tuanze na ukubwa wa mzigo, maana watu huudharau. Chukua nyumba ya kawaida ya mita 10 kwa 10, tofali za saruji za inchi 6. Kuta za nje na za ndani zikiunganishwa ni kama mita 60 za urefu. Kwa kimo cha mita 3, ukitoa milango na madirisha, unabaki na mita za mraba 150 hivi. Mita moja ya mraba ya ukuta huo, pamoja na plasta pande mbili, ina kilo kama 350. Hapo tayari ni tani 52. Jamvi la sentimita 10 linaongeza mita za ujazo 10, yaani tani 24.
Jumla tani 76 bila kugusa msingi. Kifusi kikishalegea, mita moja ya ujazo ni kama tani 1.3, kwa hiyo unazungumzia tipa 12 za mita 5 za ujazo kwa nyumba moja isiyo na ghorofa. Zidisha mwenyewe kwa mtaa uliowekewa X.

Ng'wana_Mkolani · #3
Mleta mada, umeanza na dhana kwamba kifusi ni taka. Mwanza hii kifusi hakilali. Mtu mwenye kiwanja bondeni anakilipia, mwenye barabara ya mfinyanzi kuelekea kwake anakilipia, shule ikijenga darasa kwa force akaunti (mafundi wa kawaida bila mkandarasi) inakiomba cha kujazia chini ya jamvi. Tofali nzima zinagongwa plasta na kuuzwa, nondo zinaenda kwa wa vyuma chakavu, mbao na mabati havifiki hata jioni. Mtambo wa kusaga utakula nini?

Bi_Kanuni · #4
Kuhusu sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kuanzia kifungu cha 114, inaweka jukumu la taka ngumu kwa serikali za mitaa. Hapa kwetu ni Jiji la Mwanza kwa upande wa Nyamagana na Manispaa ya Ilemela kwa upande wa pili. NEMC inasimamia, inakagua, inatoa vibali na adhabu. Haina kazi ya kuzoa. Sheria hiyohiyo inabeba kanuni ya mchafuzi kulipa. Kwa hiyo gharama ni ya aliyezalisha, na mpangilio wa wapi na kwa namna gani ni wa halmashauri.
Tatizo lipo kwenye Kanuni za Taka Ngumu za mwaka 2009. Zimeandikwa kwa taka ngumu kwa jumla, na utekelezaji wake umejikita kwenye taka za majumbani na masokoni: mapipa, mawakala wa kuzoa, ada ya mwezi. Ada ya mwezi haina maana kwa mtu anayezalisha tani 76 kwa wiki moja kisha hazalishi tena kwa miaka 40.

Tipa_Saba · #5
Dada hapo juu kaeleza vizuri, ila barabarani mambo ni mepesi kuliko hayo: kifusi ni cha mwenye tipa. Kikishapakiwa, mwenye nyumba haulizi kimeenda wapi. Bei inapatanwa kwa safari. Dereva anayemwaga karibu anapiga safari tano kwa siku, anayekwenda Buhongwa kutoka Kirumba akipambana na foleni ya mjini anapiga mbili au tatu. Huko mbali atakwenda kwa malipo ya nani?

Mkadiriaji_KZ · #6
Jibu la #5 limelala kwenye BOQ (orodha ya kazi za mradi, vipimo na bei zake). Fungua BOQ ya mradi wowote wenye ubomoaji. Utakuta kipengele kimoja: bomoa jengo lililopo, ondoa kifusi, peleka mahali patakapokubaliwa na msimamizi. Kipimo chake ni "jumla", bei moja tu. Hakuna mita za ujazo, hakuna jina la dampo, hakuna stakabadhi inayodaiwa kabla ya malipo. Mkandarasi anayetaka kushinda tenda anabana hapohapo, kwa sababu ndipo pasipopimwa.
Kurekebisha hakuhitaji sheria mpya. Gawanya kipengele vipande vitatu: kubomoa kwa kuchagua (kipimo mita za mraba), kusafirisha (mita za ujazo kwa kilomita), na kupokelewa (kwa tiketi ya kituo cha kupokelea kifusi). Malipo ya kipande cha tatu yanatoka tiketi zikiletwa. Miradi ya serikali yenyewe ingeanza hivi, nusu ya mchezo ungekwisha.

Mpima_Kazi · #7
#3 usichanganye vitu viwili. Nakubali kifusi kinatumika. Lakini kinachotumika ni kile kilichochambuka chenyewe: mawe, tofali nzima, vipande vya zege. Kinachobaki ni mchanganyiko wa vumbi la plasta, udongo, vigae, jipsamu ya dari, mifuko ya saruji, nyaya na mabomba. Huo hakuna anayeulipia, na ndio unaokwenda Mirongo. Isitoshe, kujazia bondeni mara nyingi ni kuziba njia ya maji. Mvua za Machi na Aprili zikija, maji yanapita sebuleni kwa jirani.

Kokoto_Mabatini · #8
Wote mnazunguka. Sababu kubwa iko mbele ya macho yenu: Mwanza ni mji wa mawe. Vilima vyote ni graniti. Jiwe linapashwa moto, linapasuka, linapondwa kwa nyundo hapohapo na kuuzwa kwa ndoo au kwa tipa. Uholanzi wanasaga zege kwa sababu mawe kwao ni ya kuagiza. Hapa kokoto ya graniti safi iko mlangoni, wewe unataka niuziwe zege la mtu lenye plasta kwa bei ileile?

Barabara_Tu · #9
#8 hoja yako inasimama kwa kokoto ya zege, haisimami kwa moramu. Kokoto ipo mlangoni ndiyo, lakini moramu nzuri ya barabara haipo mjini. Inasombwa kutoka mashimo ya nje, na gharama yake kubwa ni usafiri. Zege lililosagwa mshindani wake ni moramu.
Mwongozo wa mwaka 1999 wa usanifu wa tabaka za barabara unaainisha vifaa kwa CBR (kipimo cha uwezo wa tabaka kubeba mzigo): G15 ni CBR isiyopungua 15, G45 isiyopungua 45, na kuendelea. Zege safi lililosagwa hadi milimita 0 mpaka 40, likashindiliwa kwenye unyevu sahihi, linavuka G45 bila shida. Saruji iliyobaki ndani yake ikipata maji hushikana kidogo, kwa hiyo tabaka linazidi kukaza baada ya wiki kadhaa. Likichanganyika na tofali za kuchoma, nguvu inashuka, basi unalipeleka tabaka la chini. Kinachoharibu kabisa ni udongo wa mfinyanzi: ukizidi, tabaka linavimba mvua ikinyesha. Barabara za mitaa za TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini) zingeweza kumeza kifusi cha mji huu chote.

Mwana_Igogo · #10
Wabeja sana #9. Je, kwenye zege lenyewe haiwezekani kabisa?

Maabara_Pasiansi · #11
Inawezekana, ila kwa masharti, na sharti la kwanza ni maji. Kokoto ya graniti hunyonya maji chini ya asilimia 1 ya uzito wake. Kokoto iliyotokana na zege hunyonya kati ya asilimia 3 na 8, kwa sababu chokaa ya saruji ya zamani imeigandia.
Kipimo unaweza kufanya saiti. Chekecha, bakiza vipande vya kuanzia milimita 5 hadi 20 (unga wa chini ya hapo usiutumie kwenye zege la kubeba). Osha, kausha kabisa, pima kilo 10. Loweka saa 24. Toa, panguza kila kipande kwa kitambaa mpaka uso usiwe na mng'ao wa maji, pima tena. Ukipata kilo 10.6, unyonyaji ni asilimia 6.
Sasa angalia madhara. Mita moja ya ujazo ya zege ina kokoto kama kilo 1,100. Ukibadilisha asilimia 30, hizo ni kilo 330, na zikiingia kavu zitanyonya karibu lita 20 za maji ya mchanganyiko. Haziyanyonyi kwa mkupuo. Zege linaanza laini, baada ya robo saa linakuwa gumu, fundi anaongeza maji kwa mpira mpaka limwagike vizuri, na hapo maji yanazidi yale yaliyonyonywa. Sampuli ya siku 28 inaanguka, lawama zinabebeshwa kokoto.
Dawa yake: loweka usiku kucha, acha ichuje, ipime ikiwa na maji ndani lakini uso umekauka. Kisha usivuke kiwango. Viwango vya Uingereza (BS 8500) vinaruhusu hadi asilimia 20 ya kokoto kubwa kwenye zege la kawaida la majengo. India, kwenye IS 383 ya mwaka 2016, inaruhusu asilimia 20 kwa zege lenye nondo la daraja M25 kushuka chini, asilimia 25 kwa zege lisilo na nondo, na asilimia 100 kwa zege hafifu la chini ya M15. Kwa hiyo zege la kusawazisha chini ya msingi, kingo za njia na tofali za uzio ni sehemu salama ya kuanzia.

Fundi_Linta · #12
Naongezea la chumvi. Kifusi cha karibu na maji kina chumvi inayokula nondo, kwa hiyo kisitumike kabisa kwenye zege lenye chuma.

Maabara_Pasiansi · #13
Hapana mkuu, hiyo ni hofu ya Dar na Tanga. Ziwa Victoria ni maji baridi, chumvi ya aina hiyo si tatizo la hapa. Adui wetu ni jipsamu. Dari za siku hizi ni jipsamu karibu kila nyumba, na ikisagwa pamoja na zege inaleta salfeti, ambayo hushambulia saruji mpya, zege linavimba na kupasuka polepole. Ikitupwa dampo penye unyevu na taka za jikoni inatoa gesi ya mayai viza, na gesi hiyo ikikusanyika shimoni inaua. Jipsamu ishushwe kwanza, kabla ya nyundo kugusa ukuta.

Fundi_Linta · #14
Nimekupata, asante. Basi mpangilio uwe: kata umeme na maji, toa milango, madirisha na vioo, shusha bati na mbao, shusha dari na uiweke peke yake, gonga vigae, halafu kuta, mwisho jamvi na nguzo. Kwa nyumba ya #2, vibarua sita wanaongeza siku tatu au nne tu juu ya muda wa kijiko (mashine ya kubomolea). Lakini mwenye mradi anataka kijiko kiingie asubuhi, saa kumi kiwanja kiwe cheupe. Hapo ndipo kuchambua kunapofia.

Chuma_Krasha · #15
Kuhusu mtambo. Watu wakisikia "kiwanda cha kuchakata" wanawaza mabilioni. Krasha ndogo ya taya yenye mdomo wa milimita 250 kwa 400 inaendeshwa na mota ya kilowati 15, inameza kipande kisichozidi sentimita 21, na inatoa tani 5 hadi 20 kwa saa kutegemea umeweka nafasi ya kutokea ngapi. Tani 76 za #2 ni kazi ya siku moja, mbili ukihesabu kupakia.
Kinachoikwamisha: nondo. Kipande chenye nondo iliyochomoza kinakwama kwenye taya na kukata mkanda. Kwa hiyo kabla ya krasha unahitaji mtu wa nyundo ya kilo 7 na mkasi wa nondo, na baada ya krasha sumaku juu ya mkanda wa kusafirishia. Pili, vumbi. Lina silika, linaharibu mapafu moja kwa moja, hivyo mabomba ya kunyunyizia maji pale mdomoni na pale linapoangukia ni lazima, wala usiyahesabu kama nyongeza. Tatu, taya linaponda bila kubandua saruji ya zamani; kokoto inatoka bapa. Mtambo wa kupiga unatoa umbo zuri, ila vyuma vyake vya kupigia vinaisha haraka ukikutana na nondo.

Kokoto_Mabatini · #16
Na akina mama wanaoponda kokoto kwa mkono waende wapi? Mtambo mmoja wa halmashauri ukiuza kokoto kwa bei ya ruzuku unafuta vijiwe vyote.

Barabara_Tu · #17
Ndiyo maana nasema mtambo utoe vifaa vya barabara, usitoe kokoto ya zege. Masoko mawili tofauti. Na hao akina mama wana ujuzi wa nyundo ambao #15 anauhitaji kabla ya krasha. Kuvunja jamvi kuwa vipande vya sentimita 20 ni kazi yao kabisa.

Msomi_Kirumba · #18
Wenzetu Umoja wa Ulaya waliweka lengo mwaka 2008: asilimia 70 ya taka za ujenzi na ubomoaji zirejeshwe kwenye matumizi ifikapo 2020. Japani ina sheria ya mwaka 2000 inayolazimisha kuchambua kwenye kila ubomoaji wa jengo la mita za mraba 80 na kuendelea. India, kwa kanuni za 2016, anayezalisha tani 20 au zaidi kwa siku au tani 300 kwa mradi kwa mwezi alitakiwa kuchambua na kulipia. Sisi tuko karne nyingine.

Bi_Kanuni · #19
#18 ongeza kipande kimoja: ile asilimia 70 ya Ulaya inahesabu pia kujazia mashimo badala ya kutumia udongo mwingine. Kwa kipimo hicho, kifusi anachokisema #3 cha kujazia chini ya jamvi la darasa kingehesabiwa. Kwa hiyo tusijidharau bure, na wala tusipumbazwe na asilimia. Cha kuuliza ni kimejazia wapi, na kilikuwa kimechambuliwa?
Cha Japani nakiunga mkono. Mita 80 za mraba ni kipimo ambacho ofisi ya vibali inaweza kukisoma kwenye ramani bila mzani.

Ng'wana_Mkolani · #20
Sawa, nimewasikia wote, lakini hamjaniondoa kwenye hoja yangu. Mkilazimisha kifusi kiende kituoni, maskini anayejazia kiwanja chake atanunua moramu ya mbali kwa bei ya juu. Mnamwondolea kifaa cha bei nafuu kwa jina la mazingira.

Mvuvi_Mstaafu_Igombe · #21
Kijana wangu #20, hicho kiwanja kikiwa pembeni ya ziwa si haki yake kukijaza. Sheria inataka mita 30 kutoka majini.

Bi_Kanuni · #22
Mzee shikamoo. Ni mita 60, kifungu cha 57, kwa ziwa, mto na bahari. Na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria iko hapahapa Mwanza, nayo ina mamlaka yake juu ya vyanzo vya maji.

Mvuvi_Mstaafu_Igombe · #23
Marahaba, nimerekebishika. Basi hoja inakuwa nzito zaidi. Pale kwenye matete, maji ya kiunoni, ndipo sato anapochimba kiota chake. Ukimwaga tipa moja, mawe yanakaa, lakini vumbi la saruji linaenea na kufunika mchanga. Maji yanayotoka kwenye zege lililopondwa karibuni ni makali kama ya majivu. Samaki hakai hapo. Miaka hii ambayo ziwa limepanda, kifusi kilichomwagwa ukingoni nacho kimeingia majini.

Mwana_Igogo · #24
Na majengo ya zamani yenye mapaa ya asbesto je? Nyumba nyingi za watumishi bado zinayo.

Maabara_Pasiansi · #25
Hilo lisimame peke yake kabisa. Asbesto ni taka hatarishi, haiendi kwenye kifusi wala kwenye krasha. Karatasi moja ikipita kwenye taya, lundo zima linakuwa sumu. Utaratibu: lowesha kwa maji yenye sabuni kidogo, fungua boliti (usipige nyundo, usikate msumeno), shusha nzima nzima kwa mkono, funga kwa nailoni nene mara mbili, andika alama, peleka shimo lililotengwa lenye kumbukumbu. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Inatakiwa ile ya daraja FFP3. Ugonjwa wake huchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza, ndiyo maana mafundi huona wenzao wazima wakadhani ni salama. Zile karatasi zinazovunjwa kutengenezea paa la banda la kuku zikome.

Tipa_Saba · #26
Turudi Buhongwa. Kama mnataka tipa ziende dampo, dampo lifanye barabara zake za ndani. Mvua ikinyesha, tipa inazama mpaka ekseli.

Barabara_Tu · #27
Na dawa ya hilo ni kifusi chenyewe! Dampo linalosimamiwa linatakiwa kufunika taka kila siku kwa tabaka la kama sentimita 15. Unga na vipande vidogo vya kifusi vikichanganywa na udongo vinafanya kazi hiyo, vipande vikubwa vinajenga barabara ya ndani. Kwa hiyo kifusi safi kipokelewe bure, kilichochanganyika kilipiwe. Hong Kong wanatumia mantiki hiyo: tangu 2017 tani ya kwenda dampo ni dola 200 za kwao, tani ya kifusi safi cha kujazia ni 71. Watu wanachambua wenyewe bila kufukuzwa na mgambo.

Mkadiriaji_KZ · #28
Kwa majengo ya watu binafsi napendekeza amana. Unapochukua kibali cha kubomoa unaweka fedha halmashauri, unarudishiwa ukileta tiketi za kituo. Kwa kuwa mzani hakuna, tumia hesabu ya #2: tani 76 kwa mita za mraba 100, yaani karibu tani 0.75 kwa kila mita ya mraba ya nyumba isiyo na ghorofa.

Tipa_Saba · #29
Amana itazaa tiketi za kununua. Nani anahakiki kwamba tipa iliingia imejaa?

Mkadiriaji_KZ · #30
Getini pimwe kimo cha mzigo kwa fimbo yenye alama, namba ya gari iandikwe, picha ipigwe. Ukubwa wa bodi ya kila tipa unapimwa mara moja wakati wa kusajiliwa. Haiwezi kuziba kila tundu, lakini tipa tupu haitapata tiketi.

Mpima_Kazi · #31
Hiyo 0.75 isitumike kichwakichwa. Nilisema wazi msingi haumo. Msingi wa Mwanza ni wa mawe: mita 60 za urefu, upana sentimita 40, kina mita 1, ni mita za ujazo 24, zaidi ya tani 50. Ukiufukua, namba inapanda mpaka karibu 1.3.

Kokoto_Mabatini · #32
Mawe ya msingi usiyahesabu kwenye amana, mkuu. Yanagongwa saruji na kujengwa tena kiwanja hichohicho, hayapandi tipa. Kinachopanda ni chokaa iliyokuwa katikati yake, labda robo ya huo ujazo.

Mpima_Kazi · #33
Robo ni ndogo kwa mawe yasiyochongwa. Theluthi iko karibu zaidi na hali halisi. Mwenye vipimo vya msingi uliofukuliwa hivi karibuni aweke hapa ujazo wa mawe yaliyorudishwa na ujazo wa kilichobaki, tupate namba ya kupeleka ofisi ya vibali.